Shamba na Pori: Nguruwe pori wamezidi, nyani wamezidi, tufanyeje?

Wasomaji wa Tabora na Kigoma safari hii meseji zenu karibu zote ni za kitu kimoja, wanyama wa porini wamezidi mashambani, na kwa kuwa mahindi ndio yanaanza kubeba naelewa kabisa hasira zenu. Nimechagua maswali machache yanayobeba na mengine, kama la kwako halijatoka soma la mwenzako.

Shikamoo. Nalima mahindi na karanga huku Sikonge, shamba liko pembeni kabisa ya pori. Nguruwe pori wanaingia usiku, asubuhi unakuta mistari mizima ya mahindi imelazwa chini na karanga zote zimefukuliwa. Zamani walikuwepo ila sio kwa kiasi hiki. Mwaka jana tuliwaua kadhaa kwa mbwa, mwaka huu wamerudi wale wale tena wengi. Hivi wanazaliana vipi hawa, na tukiwaua tutakamatwa? – Mkulima, Sikonge

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, nguruwe pori akishalijua shamba lako hana haraka, atakula kila usiku mpaka aone pameisha.

Kwanza tuelewe kwa nini wameongezeka. Mnyama yeyote idadi yake inashikiliwa na vitu vitatu, chakula, mahali pa kujificha na anayemla. Chui na simba ndio waliokuwa wanampunguza nguruwe pori na wote wawili karibu na vijiji wamebaki wachache sana au wameisha kabisa. Chakula sisi tumemuongezea wenyewe, mahindi, karanga, mihogo, viazi, vyote laini na vimepangwa mistari. Mahali pa kujificha napo pamebaki, ile mikanda ya vichaka mabondeni na kandokando ya mito, maana mchana analala humo na usiku anatoka. Jike anazaa mara nyingi watoto watatu au wanne kwa mkupuo, na chakula kikiwa kingi wengi wanakua. Ndio maana mliowaua mwaka jana hamkuona tofauti. Ukiua watatu wanne kwenye kundi ambalo chakula kipo pale pale, waliobaki wanashiba zaidi na watoto wao wanapona zaidi, mwaka unaofuata pengo limezibwa.

Kuhusu kukamatwa nikwambie wazi. Mnyamapori ni mali ya umma, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na hata kama mnyama kakushambulia ukamuua kwa kujitetea bado huyo mnyama ni wa serikali na unatakiwa kutoa taarifa, nyama sio yako. Watu wengi wanaingia matatani hapa, hawakukamatwa shambani wakifukuza, wamekamatwa na nyama ndani ya sufuria, na ukishasikia "kukutwa na nyara za serikali" jua hiyo kesi inaendeshwa kama uhujumu uchumi na kifungo chake ni cha miaka mingi sana. Usijiingize huko kwa ajili ya nguruwe. Nenda kijijini uandikishe malalamiko, mwende wengi sio wewe peke yako, muombe afisa wanyamapori wa wilaya aje na askari. Sikonge mna bahati, Ipole pale kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori na askari wa vijiji wapo, kama kijiji chenu kimo kwenye jumuiya wale ndio wa kuwaanzia.

Sasa kazi ya shambani. Kitu cha kwanza fyeka. Kichaka kati ya shamba na pori kiondoke, mnyama huyu hapendi kuvuka eneo la wazi. Cha pili, pandeni kwa pamoja na wakati mmoja na majirani, kwa sababu shamba linalowahi peke yake au linalochelewa peke yake ndilo linalobeba wageni wa pori zima, ila mkipanda mashamba yameungana na yanakomaa pamoja hasara inagawanyika na ulinzi unakuwa rahisi, madungu matatu yanatosha pale ambapo kila mtu kivyake mngehitaji kumi. Cha tatu ambacho watu hawakizingatii kabisa, mkishavuna msiache masalia. Mahindi yaliyoanguka na karanga zilizobaki ardhini ni chakula cha kuwavusha kiangazi, na ndipo ilipaswa njaa iwapunguze yenyewe.

Debe na tochi zinasaidia lakini badilisheni, leo debe kesho moto keshokutwa mbwa wa kubweka, akizoea sauti moja haimtishi tena. Pembezoni mwa shamba panda ufuta au pilipili, hawavipendi. Tumbaku pia hawaigusi, ila tumbaku inataka kuni za mabani ya kuikaushia na kuni hizo ni miombo ile ile tunayoimaliza, kwa hiyo mimi sikushauri uongeze tumbaku kwa sababu ya nguruwe. Ukijenga uzio wa miti hakikisha umezama ardhini, huyu mnyama haruki, anafukua chini na kupita.

Na kama unafuga nguruwe wa nyumbani uwe makini mara mbili, nguruwe pori na ngiri wanabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua, wa kwako wakiipata wanakufa banda zima na dawa hakuna. Usilete mabaki ya mzoga wa porini bandani hata kidogo.

Mambo vipi mhariri. Nimeona video ya Marekani kulungu wanatembea kwenye makazi ya watu mchana kweupe wanakula bustani, alafu wenyewe wanaruhusiwa kabisa kuwapiga risasi wakala nyama. Sisi ukikutwa na nyama ya swala ni jela. Kwa nini wao ruksa? Alafu na hela zote zile mbona wameshindwa kuwamaliza? – Kijana, Kasulu

Poa mdogo wangu. Hili swali nalipenda na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna somo lote la barua za leo.

Anza na hii, Marekani hao kulungu walikaribia kuisha. Mwaka 1900 hivi kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamebaki laki chache nchi nzima, watu waliwinda kwa biashara bila mpaka wowote, nyama na ngozi sokoni. Ndipo zikaja sheria kali, uwindaji wa biashara ukafungwa, mashamba mengi ya zamani yakaachwa yakawa msitu mchanga, na kulungu anapenda sana msitu mchanga uliochanganyika na mashamba. Wakati huo huo mbwa mwitu wakubwa na simba wa milimani waliokuwa wanawala walikuwa wameshauliwa karibu wote maeneo ya mashariki. Leo wanakadiriwa milioni 30 hivi. Jike akishiba vizuri anazaa mapacha kila mwaka, na wengine wanashika mimba hata kabla hawajatimiza mwaka. Wanagongana na magari zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka na watu wanakufa humo, wanakula mahindi na soya, na msituni wanamaliza miche yote michanga mpaka unakuta miti mikubwa tu, chini hakuna kinachoota cha kuirithi.

Kwa hiyo ile ruksa unayoiona ni ruksa yenye hesabu. Kila jimbo lina idara ya wanyama, inakadiria wapo wangapi eneo gani, inasema msimu huu vibali kadhaa, madume kadhaa majike kadhaa, ukizidisha unashtakiwa kama huku. Mwindaji ananunua kibali, na tangu sheria ya mwaka 1937 bunduki na risasi zina kodi ya asilimia 10 mpaka 11 ambayo inarudi kwenye kutunza wanyama. Nyama unakula mwenyewe au unawapa wasiojiweza, kuiuza hiyo ya porini hairuhusiwi.

Sasa sikiliza hapa. Miaka mingi wawindaji wao walitaka madume tu, kwa ajili ya mapembe, na idadi haikushuka. Dume mmoja anapanda majike wengi, ukiua nusu ya madume majike wote bado watazaa. Wisconsin wakaja na utaratibu kwenye miaka ya 1990, kwenye maeneo yaliyozidi ulitakiwa uue jike kwanza ndipo upate haki ya kuua dume. Wawindaji walinung'unika sana na baadaye ukaondolewa, lakini kwa hesabu ulikuwa sahihi, idadi ya wanyama inashuka kwa kupunguza majike na tena kila mwaka, ukiruka misimu miwili wamesharudi.

Kuna mji mwingine hawataki risasi karibu na nyumba, wakajaribu sindano za kuzuia mimba. Zinafanya kazi kwenye eneo dogo lililozungukwa, lakini kila jike lazima akamatwe au apigwe kwa bunduki ya sindano, na mara nyingi arudiwe, gharama yake ni kubwa mno. Sehemu nyingine walijaribu kuwalisha majira ya baridi kwa huruma, ikawa mbaya zaidi, wanakusanyika sehemu moja na kuambukizana magonjwa, upo ugonjwa mmoja wa ubongo uligundulika Colorado mwaka 1967 na hauna tiba, umeshasambaa majimbo mengi.

Na ukitaka kujua kumaliza wanyama wakali kunafanya nini, soma habari za Kaibab kule Arizona. Kuanzia mwaka 1906 eneo lilifanywa hifadhi ya kulungu, simba wa milimani wakauawa kwa mamia, mbwa mwitu wachache waliokuwepo nao wakauawa, na mifugo nayo ikapunguzwa, kulungu wakaongezeka kupita kiasi, wakamaliza malisho, na kufikia majira ya baridi ya 1924 na 1925 walikuwa wanakufa kwa njaa kwa maelfu. Wataalamu mpaka leo wanabishana idadi kamili na sababu ipi ilichangia zaidi, ila kwamba walikufa njaa hilo halina ubishi.

Turudi Kasulu. Unauliza kwa nini sisi jela. Kwanza hata huku uwindaji wa kibali upo kisheria, na kanuni za kuuza nyamapori kwenye mabucha yenye leseni zipo tangu 2020. Kinachokatazwa ni kuchukua bila hesabu. Na pili, kusema ukweli swala wetu hawajazidi. Vijiji ninavyovijua mimi kuanzia Uvinza mpaka Kaliua, pongo na swala wamepungua kwa sababu ya mitego ya waya, waliozidi ni nguruwe pori, nyani na tumbili, yaani wale wajanja wanaoweza kuishi na sisi. Waya haujui kuchagua. Unatega kwa hasira ya nguruwe, anaingia pongo jike mwenye mimba, nguruwe anakunusa anapita pembeni. Kwa hiyo tukisema tufungue tu kila mtu apige, tutamaliza tusiotaka kuwamaliza na wale wanaotusumbua watabaki.

Ninachokitaka mimi ni halmashauri zetu zihesabu. Kila kijiji kiwe na daftari, mnyama gani kaingia, shamba la nani, tarehe gani, zao gani, ekari ngapi. Misimu miwili ya daftari hilo afisa wa wilaya ana kitu cha kuombea vibali vya kupunguza nguruwe eneo fulani kwa idadi fulani, bila daftari anabaki na kelele za mkutano wa hadhara tu na hawezi kupeleka kelele TAWA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori.

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watano nalima mihogo na mahindi Uvinza. Nyani wanakuja mchana kundi zima, mtoto wangu wa darasa la tano ndio analinda na shule anakosa. Wananishauri nichome pori lote. Nisaidie. – Mama, Uvinza

Mama yangu salama, na nakuheshimu kwa hiyo kazi. Pori usichome. Moto unakimbilia kwa jirani, unaua nyuki na miche, na nyani wenyewe watahamia ng'ambo siku mbili kisha warudi maana chakula kiko kwako.

Nyani naye ni hadithi ile ile ya chui. Ghana walihesabu wanyama kwenye hifadhi zao kwa miongo mingi, kuanzia miaka ya 1960, wakaona kadiri simba na chui walivyotoweka ndivyo nyani walivyosambaa, na kule pia waliishia kuwatoa watoto shule walinde mashamba. Hauko peke yako kabisa.

Cha kufanya. Mihogo mitamu ihamishe iwe karibu na nyumba na upande wa porini panda mihogo michungu, nyani na nguruwe wanaiacha kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya sumu yake. Wewe mwenyewe unajua lazima ivundikwe na kuanikwa vizuri kabla ya unga, usifupishe siku za kuvundika hata njaa ikibana vipi, inapooza miguu ya watoto. Mahindi yasikae pembeni ya msitu, utafiti wa Kibale kule Uganda ulionyesha hasara nyingi zinatokea ndani ya mita 200 hivi za kwanza kutoka msituni, ukiweza kusogea sogea.

Ulinzi usiwe wa mtoto. Nyani anamtambua mtoto, anajua hana nguvu, na dume la nyani lina meno ya kuua, huyo mtoto yupo hatarini mama. Ongea na majirani mpange zamu za watu wazima, saa za asubuhi na jioni ndio muhimu zaidi, na mwalimu mkuu aambiwe ili suala liende serikali ya kijiji, kwa sababu watoto kukosa shule kijiji kizima ni jambo la kijiji sio la kaya yako.

Na msiwape chakula hata kwa kuwafurahia. Gombe hapo jirani, utafiti wa sokwe ulioanza 1960 ulifika mahali wakawa wanawapa ndizi ili waonekane kwa karibu, matokeo yake sokwe na nyani wakajazana sehemu moja na kupigana sana, ikabidi wapunguze na mwisho kuacha kabisa. Kama watafiti yaliwashinda, sisi tusijaribu.

Naweza kuweka sumu kwenye mahindi wakala wakafa? Wenzangu wanafanya. – Urambo

Hapana, na waambie hao wenzako waache leo. Anakufa nguruwe, analiwa na fisi, na tai, na mbwa wa jirani, kisha kuna mtu anaokota mzoga anapeleka nyama kijiweni. Watoto wanakufa kwa hili. Sumu shambani ni kosa la jinai na pia inaingia kwenye maji mnayokunywa.

Ngiri na nguruwe pori wamekula ekari mbili. Nasikia serikali inalipa kifuta jasho, nikidai nitapata? – Kaliua

Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinahusu wanyama wakali na hatari, mfano tembo, kiboko, nyati, simba, mamba. Ngiri na nguruwe pori usiwategemee humo. Hata hivyo toa taarifa kwa mtendaji siku hiyo hiyo, iandikwe, kwa ajili ya lile daftari nililosema juu. Na kama ni tembo wametoka upande wa hifadhi ya Ugalla, usivune wala usilime upya kabla tathmini haijafanyika, watu wanakosa haki zao kwa kusafisha shamba mapema.

Huku Kibondo ndorobo (mbung'o) wamerudi na wazee wanasema zamani wazungu waliua wanyama wote ili ugonjwa wa malale uishe. Ni kweli? Tufanye hivyo? – Mwalimu, Kibondo

Mwalimu wangu, wazee wamesema kweli. Shinyanga kwenye miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilifanya jaribio, wanyama kwa maelfu walipigwa risasi ili ndorobo wakose damu. Tabora na Kigoma watu walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa kwenye makazi maalumu ya malale, vijiji vizima vikaachwa, na yalipobaki mahame pori likarudi na ndorobo humo humo. Kuua wanyama kulipunguza ndorobo sehemu nyingine, lakini wanyama wadogo na ngiri walishindikana kuisha, ikawa kazi isiyo na mwisho.

Tena vimelea vya malale vinakaa hata ndani ya ng'ombe, sio pongo na ngiri tu. Ukimaliza pori lote na ng'ombe wapo, hujafuta ugonjwa. Siku hizi wanatega kwa vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye dawa maana ndorobo anavutiwa na rangi hizo, na ng'ombe wanaogeshwa dawa ya kuua wadudu. Pigia ofisi ya mifugo ya wilaya ndio wenye vitambaa.

Kwa wanafunzi wako wafundishe hivi, mtu aliyeumwa na ndorobo akipata kidonda pale alipoumwa, homa zinazorudi rudi ambazo dawa ya malaria hazitulizi, kichwa, tezi kuvimba, aende hospitali na aseme mwenyewe "niliumwa na ndorobo porini", kwa sababu asiposema wanaweza wasipime. Aina ya huku kwetu inaenda haraka, ni wiki na miezi michache tu, na bila matibabu inaua. Wavuna asali na wachoma mkaa ndio wanaoipata zaidi.

Nina eneo kubwa nje kidogo ya Tabora mjini. Badala ya kulia kila siku kwa nini tusifuge hao swala tukauza nyama? – Mjasiriamali, Tabora

Wazo zuri na lina mfano. New Zealand walipelekewa kulungu wekundu kutoka Uingereza kuanzia 1851, nchi haikuwa na mnyama wa kuwala, wakazidi wakaharibu milima. Serikali ililipa wawindaji tangu miaka ya 1930, baadaye wakawafuata kwa helikopta, mwisho wakawakamata wazima wakawafuga, sasa ni biashara ya kuuza nje ya nchi.

Huku kwetu ufugaji wa wanyamapori unaruhusiwa kwa leseni ya wizara ya maliasili. Jiandae kwa gharama ya fensi, swala anaruka juu sana na fensi ya chini ya futi nane ni hela ya kutupa. Jiandae pia kuthibitisha umewapata wapi wale wa kuanzia, ukiwakamata porini bila kibali umeshavunja sheria kabla hujaanza. Anzia ofisi ya maliasili ya halmashauri ukiwa na nyaraka za umiliki wa eneo, na kabla ya kununua hata mkunjo mmoja wa waya hakikisha mtaalamu amefika kuangalia maji na malisho ya kiangazi, maana Tabora mwezi wa tisa na wa kumi majani yameisha na swala kumi watakula kuliko unavyodhani.